Kompyuta za kwantamu zitavunja nini hasa kwenye Bitcoin na Ethereum? (Uzi wa kiufundi)

Nodi Kamili (mtoa uzi)

Wakuu, kila habari ya kompyuta za kwantamu inapotoka, watu hugawanyika pande mbili: "Bitcoin imekwisha" na "hizo ni porojo". Pande zote mbili hurukia hitimisho bila kuuliza ni sehemu ipi ya mfumo inayovunjika, na kwa mashine ya ukubwa gani. Naanza na sehemu, ukubwa tutaujadili chini.

Sarafu yako inalindwa na ufunguo wa siri, yaani namba ya biti 256. Ufunguo wa umma hupatikana kwa kuchukua nukta maalumu ya mkunjo wa kihesabu uitwao secp256k1 na kuizidisha kwa namba hiyo. Kwenda mbele ni kazi ya sehemu ndogo ya sekunde. Kurudi nyuma kwa kompyuta za kawaida kunadai hatua zipatazo 2^128, na hakuna mwenye uwezo huo. Mwaka 1994 Peter Shor, akiwa Bell Labs, alionyesha kwamba mashine ya kwantamu inaweza kurudi nyuma, na kwamba kazi yake haiongezeki kwa kasi ya kutisha ufunguo unaporefushwa. Kwa hiyo kutumia ufunguo mrefu zaidi wa aina ileile ni kununua muda mfupi tu. ECDSA, saini ya asili ya Bitcoin na Ethereum, inaanguka, na saini za Schnorr zilizokuja na Taproot, sasisho la Bitcoin la Novemba 2021, zinaanguka pamoja nayo, kwa sababu zote zinatumia mkunjo uleule.

Heshi, yaani alama fupi ya data isiyoweza kurudishwa kuwa data yenyewe, ni habari nyingine. Dhidi ya SHA-256, heshi inayotumika kwenye Bitcoin, kinachojulikana ni algoriti ya Grover ya mwaka 1996, ambayo hushusha hatua hadi kipeuo cha pili tu: 2^256 inakuwa 2^128. Hata heshi ya biti 160 inayotumika kwenye anwani inabaki na hatua 2^80 za kwantamu, tena za kufuatana.

Hivyo swali la kwanza kwa kila mwenye sarafu ni moja: je, ufunguo wako wa umma unaonekana kwenye mnyororo? Kwa Bitcoin hali iko hivi:

Malipo ya kale ya P2PK, hasa zawadi za bloku za 2009 na 2010, yameandika ufunguo wa umma waziwazi. Humo kuna takriban BTC milioni 1.7, zikiwemo zile zinazokadiriwa kufika milioni 1.1 za Satoshi, nyingi zikiwa zimetawanyika kwa mafungu ya 50.

Anwani zinazoanza na 1 na bc1q zinaonyesha heshi tu. Ufunguo hujitokeza siku unapotumia. Zinazoanza na 3 huficha hati nzima (masharti ya kutumia sarafu) kwa heshi, nazo hufunuka vilevile ukitumia.

Anwani za bc1p, za Taproot, zimeandika ufunguo wa umma moja kwa moja. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni mpya ndizo imara zaidi kwa jambo hili. Ni kinyume chake.

Kipeuo

Mkuu Nodi, nimekusoma. Sasa ukubwa. Chipu ya Willow ya Google, Desemba 2024, ilikuwa na kyubiti (biti za kwantamu) 105. IBM walishatoa Condor yenye 1,121 mwaka 2023. Nimeona mahali imeandikwa kyubiti 2,330 zinatosha kuvunja ufunguo wa biti 256. Kwa hesabu hiyo si tumebakiza nusu ya njia?

Binti Saketi

Hapana, mkuu, na kosa hili linapotosha watu wengi. Hizo 2,330 zilitoka kwenye makadirio ya mwaka 2017 ya Roetteler na wenzake, na ni kyubiti zilizosahihishwa makosa. Zile za Willow na Condor ni kyubiti ghafi. Kyubiti ghafi hukosea takriban mara moja kwa kila operesheni mia kadhaa au elfu moja, wakati saketi ile ya 2017 inadai milango ya Toffoli (aina ya operesheni ya kwantamu) bilioni 126. Zidisha kwa kyubiti 2,330 utaona kuna nafasi karibu 3 × 10^14 za kuharibika. Ukitaka kumaliza salama, kosa kwa kila nafasi lishuke chini ya 10^-15.

Willow ilichoonyesha cha maana si idadi ya kyubiti. Ilionyesha kwamba ukikuza gridi ya kyubiti ghafi zinazosahihishana, makosa yanapungua badala ya kuongezeka. Kila umbali wa msimbo (kipimo cha ukubwa wa gridi hiyo) ulipoongezwa kwa 2, kosa liligawanyika kwa 2.14, na kwenye umbali wa 7 lilibaki 0.143% kwa kila mzunguko. Sasa piga hesabu ya haraka. Kutoka hapo hadi 10^-15 kwa kugawa kwa 2.14 kila mara ni ngazi 37, yaani umbali wa 81. Gridi ya umbali d hula kyubiti ghafi 2d² − 1, hivyo ni 13,121 kwa kila kyubiti moja iliyosahihishwa. Mara 2,330 unapata kama milioni 30, kabla hujaweka sehemu ya kutengeneza hali maalumu zinazolisha milango ya Toffoli.

Lakini angalieni kinachotokea ubora wa kyubiti ukipanda hadi kila ngazi igawe kwa 10: ngazi 13 zinatosha, umbali 33, kyubiti ghafi 2,177 kwa moja, jumla kama milioni 5. Idadi imeshuka mara sita bila kubadilisha algoriti. Kwa hiyo anayefuatilia habari hizi asome kiwango cha makosa kwanza, idadi ya kyubiti baadaye.

Na algoriti nazo hazikai. Mwaka 2019 Gidney na Ekerå walikadiria kyubiti ghafi milioni 20 na saa 8 kuvunja RSA ya biti 2048, aina nyingine ya ufunguo inayotumika sana mtandaoni. Mei 2025 Gidney huyohuyo alileta makadirio ya chini ya milioni moja kwa muda usiofika wiki, akishikilia kiwango kilekile cha makosa ya vifaa. Mashine haikubadilika, hesabu ndiyo iliyoboreshwa. Na kwa kuwa ufunguo wa mkunjo ni mfupi, biti 256 dhidi ya 2048, unahitaji kyubiti zilizosahihishwa chache kuliko RSA. Kripto haiko mwisho wa foleni hiyo.

Kipeuo

Nimeelewa. Basi swali la kasi: hata mashine ikiwepo, itachukua muda gani kwa ufunguo mmoja?

Binti Saketi

Hapo ndipo pa kutenganisha mashambulizi mawili. Chukua milango ile bilioni 126 ikifuatana, kila mmoja mikrosekunde 10: ni siku 14 na nusu. Saketi zilizoboreshwa na zinazofanya kazi sambamba hupunguza muda huo, kwa gharama ya kyubiti zaidi. Webber na wenzake mwaka 2022 walikadiria kyubiti ghafi milioni 13 kuvunja ufunguo wa Bitcoin ndani ya siku moja, na milioni 317 kuuvunja ndani ya saa moja.

Mashine ya siku 14 inatosha kuiba sarafu ambazo ufunguo wake umelala wazi miaka kumi. Haitoshi kumwahi mtu aliyetuma muamala sasa hivi, kwa sababu bloku hutoka kila dakika 10 kwa wastani. Mashine ya dakika chache ndiyo inayoweza kusoma ufunguo ukiwa kwenye foleni ya miamala, ikavunja, ikatuma muamala wake wenye ada kubwa kabla wako haujathibitishwa. Mashine za atomi na ioni, ambazo mizunguko yake ni ya polepole mara nyingi kuliko zile za vipitishi-kamili (saketi zisizo na ukinzani wa umeme), ziko upande wa kwanza kwa sasa. Kwa hiyo tusitegemee tukio moja la siku moja. Funguo zilizolala wazi zitakuwa hatarini mapema, na zilizofichwa nyuma ya heshi zitafuata baadaye.

Mzee wa Bloku

Wakuu, na uchimbaji? Kuna wanaosema mwenye kompyuta ya kwantamu atawafagia wachimbaji wote.

Nodi Kamili

Hilo halisimami, mzee wangu. Ugumu wa uchimbaji ulivuka trilioni 100 mwishoni mwa 2024. Kila kizio cha ugumu ni heshi 2^32, kwa hiyo bloku moja inadai heshi kama 4 × 10^23. Kipeuo chake cha pili ni hatua bilioni 650 za Grover. Kuzimaliza ndani ya sekunde 600 unahitaji hatua zaidi ya bilioni moja kwa sekunde. Kila hatua ni SHA-256 mara mbili kwenda mbele na kisha kuifuta kurudi nyuma, maelfu ya milango inayofuatana. Mashine ya mikrosekunde 10 kwa mlango haifikishi hata hatua 100 kwa sekunde.

Tena Grover haigawanyiki vizuri: ukiweka mashine 100 unapata kasi mara 10 tu, wakati mitambo ya kawaida 100 inakupa mara 100. Hapa mashine za kawaida za uchimbaji zinashinda bila shida.

Mlinzi wa Funguo

Niongezee upande wa mtumiaji, maana hapa watu hujidanganya. "Sijawahi kutumia anwani hii" haimaanishi ufunguo umefichika. Kagueni haya:

1. Je, anwani hiyo iliwahi kutuma chochote, hata kidogo? Kama ndiyo na bado ina salio, ufunguo uko wazi. Hamishia salio lote kwenye anwani mpya ya bc1q, lisibaki kitu, na chenji isirudi kwenye anwani ya zamani.

2. Ulikuwa na Bitcoin kabla ya mgawanyiko wa Agosti 2017, kisha ukatumia Bitcoin Cash zilizotokana na ufunguo uleule? Ufunguo wako wa umma unasomeka kwenye mnyororo wa Bitcoin Cash, japo upande wa Bitcoin hujagusa kitu.

3. Uliwahi kusaini ujumbe kuthibitisha kwamba anwani ni yako? Saini ya ujumbe hutoa ufunguo wa umma kwa yeyote aliyeipokea.

4. Waleti yako inauliza salio kwa seva ya mtu mwingine? Nyingi huipa seva ufunguo wa umma uliopanuliwa, yaani xpub. Mwenye huo anaweza kuzalisha funguo zote za umma za akaunti. Na hili ndilo baya zaidi: kwenye ngazi zisizoimarishwa za BIP 32 (kanuni ya waleti kuzalisha funguo nyingi za watoto kutoka ufunguo mzazi), ukiwa na xpub na ukavunja ufunguo wa siri wa mtoto mmoja tu, unakokotoa wa mzazi, kisha wa watoto wote. Mshambuliaji hahitaji kuvunja anwani 200, anavunja moja. Dawa ni kuunganisha waleti na nodi yako mwenyewe na kutompa mtu xpub.

El Salvador walifanya toleo la serikali la hatua ya kwanza Agosti 2025: waligawa akiba iliyokuwa kwenye anwani moja iliyotumika mara kwa mara, wakaiweka kwenye anwani kadhaa, kila moja na ukomo wa BTC 500, na wakataja hatari ya kwantamu kuwa sababu.

Kipeuo

Swali la kijinga labda: kwa nini tusibadilishe saini tu? NIST, shirika la viwango la Marekani, si walishatoa viwango?

Saini Safi

Si swali la kijinga, ndilo gumu kuliko yote. Ndiyo, Agosti 2024 NIST walichapisha FIPS 203, 204 na 205. Ya 203 ni ya kubadilishana funguo na haituhusu sana hapa. Ya 204, ML-DSA, na ya 205, SLH-DSA, ni za saini. Falcon nayo ilichaguliwa. Shida ni uzito wa data.

Saini ya Schnorr ni baiti 64 na ufunguo wake 32. ML-DSA-44, ndogo ya familia yake: saini baiti 2,420, ufunguo 1,312. Falcon-512: 666 na 897. SLH-DSA ndogo: ufunguo baiti 32 tu, lakini saini 7,856.

Sasa weka kwenye bloku yenye ukomo wa vizio vya uzito milioni 4. Muamala wa bc1q wa ingizo moja na matokeo mawili una vizio kama 561, kwa hiyo bloku inabeba kama 7,100. Badilisha saini na ufunguo kwa ML-DSA-44, muamala unafika vizio kama 4,190, bloku inabeba 950 hivi. Kwa Falcon ni kama 1,980. Kwa SLH-DSA hazifiki 480. Hapo tayari nimehesabu punguzo la data ya saini. Bila punguzo hilo hali ni mbaya zaidi.

Falcon inavutia kwa udogo, ila kusaini kwake hutumia hesabu za desimali zinazoelea. Kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia funguo, ukiitekeleza ovyo, muda wa hesabu au umeme unaotumika unaweza kuvujisha ufunguo wa siri. SLH-DSA inategemea heshi peke yake, na kwa upande wa imani ya kihesabu ndiyo ningeiamini kwa akiba ya muda mrefu. Ni nzito, lakini akiba haihami kila siku.

Kuna kikwazo kingine kidogo ambacho wasanidi wanakijua: kanuni za sasa zinazuia kipande kimoja cha data kwenye rafu ya hati kisizidi baiti 520. Saini ya Falcon haipenyi, na ML-DSA ndiyo kabisa. Lazima kanuni za makubaliano ziguswe. BIP 360, pendekezo la kubadilisha kanuni za Bitcoin, inaanza kwa hatua ya kiasi: aina mpya ya tokeo inayofanana na Taproot lakini iliyoondolewa njia ya ufunguo wazi, ili kinachoonekana kwenye mnyororo kiwe heshi tu na saini mpya ziongezwe baadaye.

Mzee wa Bloku

Na muda? SegWit, sasisho jingine la Bitcoin, ilitangazwa Desemba 2015 ikaanza Agosti 2017. Taproot ilitangazwa Januari 2018 ikaanza Novemba 2021. Na zile hazikumlazimisha mtu yeyote kuhama.

Saini Safi

Ndiyo hoja yangu, mzee. Na kuhama kwenyewe kuna hesabu. Ingizo moja la bc1q lina vizio 272, kwa hiyo bloku iliyojaa maingizo tu inabeba kama 14,700, na siku ya bloku 144 ni milioni 2.1. Mafungu yasiyotumika yanazidi milioni 150. Hiyo ni zaidi ya siku 70 mnyororo ukiwa haufanyi kazi nyingine yoyote. Kwa kweli mengi ni vumbi lisilolipia hata ada yake, na hayatahamishwa, lakini shughuli za kawaida nazo hazitasimama. Hesabu miaka ya kukubaliana, miaka ya waleti na masoko kubadilisha programu, kisha miezi mingi ya kuhama. Mkisubiri mashine ionekane ndipo mwanze kujadili, mmechelewa.

Mkunjo

Na zile milioni 1.7 za P2PK? Msimamo wangu uko wazi: zifungwe. Watangaziwe wenye nazo, wapewe miaka, kisha saini za kale zikataliwe. Pendekezo la Julai 2025 ambalo Jameson Lopp ni mmoja wa waandishi wake lina mpangilio huo: kwanza huwezi kutuma kwenda anwani za aina ya kale, baadaye saini za kale hazikubaliki kabisa. Tusipofanya hivyo, wa kwanza kupata mashine anapewa sarafu zinazoweza kubomoa soko zima.

Mlinzi wa Funguo

Napinga, na napinga kwa uzito. Bitcoin ilijengwa juu ya ahadi kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye sarafu. Siku makubaliano yakiamua kwamba mtu asiyehama kwa tarehe fulani amepoteza mali, umeshafungua mlango wa kufunga sarafu kwa sababu nyingine. Mfungwa, mgonjwa, mrithi ambaye hajajua kama kuna urithi, wote wanaingia humo.

Mkunjo

Mrithi huyo atanyang'anywa na mwenye mashine kabla yako, ndugu. Ahadi ya "mwenye ufunguo" imeshavunjika pale ufunguo unapokokotolewa na mtu baki.

Binti Saketi

Kuna njia ya kati kwa baadhi yao. Maneno 12 au 24 ya mbegu ya waleti (kanuni ya BIP 39) hupitishwa kwenye heshi mizunguko 2,048, na ngazi zilizoimarishwa, kama m/84'/0'/0', nazo hupita kwenye heshi. Anayevunja ufunguo wa mtoto hawezi kupanda hadi kwenye mbegu. Kwa hiyo hata saini za kale zikizimwa, mwenye mbegu halali anaweza kuthibitisha anaijua bila kuifichua, kwa uthibitisho wa aina ya STARK ambao wenyewe unategemea heshi. Funguo za 2009 hazina faida hiyo: BIP 32 ilikuja 2012, na wakati ule wa 2009 kila ufunguo ulizalishwa kivyake. Kwa P2PK mgogoro wenu unabaki palepale. Mimi naegemea upande wa Mkunjo, ila kwa muda mrefu wa notisi.

Nodi Kamili

Ethereum tusiisahau. Anwani ni baiti 20 za mwisho za heshi ya Keccak-256 ya ufunguo wa umma, na ufunguo wenyewe hupatikana kutokana na saini. Akaunti yoyote iliyowahi kutuma muamala iko wazi, na mtindo wa Ethereum ni kutumia akaunti moja miaka nenda rudi. Wathibitishaji wa bloku wanatumia saini za BLS kwenye mkunjo wa BLS12-381, nazo zinavunjwa na Shor. Ahadi za KZG (uthibitisho mfupi wa data kubwa) zilizoanza kutumika Machi 2024 zina tatizo la pekee: zinategemea namba ya siri iliyotupwa baada ya sherehe ya kuiandaa, na mashine ya kwantamu ingeikokotoa mara moja tu kutoka kwenye data ya umma, kisha mwenye nayo akaghushi kwa kompyuta ya kawaida.

Machi 2024 Vitalik Buterin, mwanzilishi mwenza wa Ethereum, alieleza mpango wa dharura: kurudisha mnyororo nyuma hadi kabla ya wizi mkubwa, kuzima miamala ya akaunti za kawaida, na kuwaruhusu wenye mbegu kurejesha akaunti kwa STARK, kama alivyoeleza Binti Saketi. Lakini mpango huo hauokoi mikataba ambayo ufunguo mmoja wa msimamizi una ruhusa ya kuchapisha tokeni. Ukivunjwa huo, tokeni zinachapishwa bila kikomo na kila soko linazipokea kama halali. Anayekagua mkataba aangalie kwanza nani ana ruhusa hiyo na kama funguo ni zaidi ya moja.

Mkunjo

Na sarafu za faragha? Monero inaficha mpokeaji na mtumaji kwa hesabu za mkunjo wa ed25519. Rekodi zote ziko kwenye mnyororo, kila mtu ana nakala. Wizi unaweza kuzuiwa kwa kuhama, lakini siri ya muamala wa jana haihami. Mashine ikija baada ya miaka 15, historia inasomwa kutoka nakala za leo. Kwa anayehitaji faragha ya muda mrefu, hatari hiyo imeshaanza.

Saini Safi

La mwisho kwangu: tahadhari na miradi inayojiita "salama dhidi ya kwantamu". Ulizeni aina ya saini. Sarafu ya QRL ilianza Juni 2018 kwa XMSS, saini inayotegemea heshi, ambayo ni imara kihesabu, lakini kila saini hutumia namba ya zamu isiyorudiwa. Ukirejesha nakala ya zamani ya waleti na kaunta ikarudi nyuma, ukasaini mara mbili kwa zamu ileile, unamrahisishia mtu kughushi saini yako. Kabla ya kusaini chochote baada ya kurejesha, hakikisha waleti imesoma mnyororo na kuruka zamu zote zilizotumika. Mnyororo wa Algorand unatumia Falcon kwenye uthibitisho wa hali ya mnyororo, lakini hilo peke yake halilindi akaunti ya kawaida ya mtumiaji. Sehemu moja ya mfumo kuwa imara haimaanishi mfumo wote.

Mlinzi wa Funguo

Na tayari njama za "kuhamia waleti ya kwantamu" zinajulikana zilivyo: tovuti inakuomba maneno yako 12 ili "ikuboreshee anwani". Hakuna uboreshaji wa namna hiyo. Kuhama ni muamala wa kawaida unaousaini kwenye kifaa chako, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Tuma kiasi kidogo kwanza, thibitisha kwamba anwani mpya unaweza kuirejesha kwa mbegu yake, kisha hamisha salio lililobaki siku hiyohiyo, kwa sababu baada ya kile kiasi cha majaribio anwani ya zamani imeshafunua ufunguo wake.